TUWALINDE WAZEE WETU NA ULAGHAI WA DAWA LISHE

 

 Katika toleo hili tumeona tuandike juu ya jambo lililoingia majumbani mwetu kwa mlango wa mbele, tena kwa kupiga hodi na kutoa salamu. Nalo ni biashara ya vidonge, unga, majani ya chai na mafuta yanayouzwa kwa jina la dawa lishe au virutubisho. Babu na bibi zetu huahidiwa kuwa vitu hivyo vitawaponya sukari, presha, miguu, macho, tezi dume na kila kinachomsumbua mtu mwenye umri mkubwa.

Hatusemi kwamba kila kirutubisho ni uongo. Mwenye upungufu wa damu huandikiwa na daktari vidonge vya madini ya chuma, na vinamfaa. Wala hatukatai mitishamba, maana wengi wetu tumelelewa kwa mwarobaini na tangawizi. Tunalolizungumzia ni jambo moja: mtu anayemuuzia mzee tumaini kwa bei kubwa, huku akijua, au hataki kujua, kwamba alichonacho mkobani hakiponyi hicho anachosema kinaponya.

Jinsi wanavyoingia

Anayekuja mara nyingi si mgeni. Ni mpwa, ni jirani, ni mama wa kikundi cha kufa na kuzikana, na pengine ni mtu wa safu ya kwanza msikitini. Naye amenunua mzigo wa kuanzia kwa fedha zake mwenyewe, akaambiwa kwamba faida yake itatokana na watu atakaowaingiza chini yake, na hao nao waingize wengine. Mzigo usipotoka ndani kwake, hasara ni yake. Kwa hiyo baadhi ya wauzaji hawa wametapeliwa kabla ya kuja kututapeli sisi, na tukilijua hilo tutawakatalia bila ya kuwatukana.

Wengine huja kwa gari lenye kipaza sauti, au hukodi ukumbi na kutangaza kupima afya bure. Siku hizi wapo pia wanaokuja kwa simu. Mzee hutumiwa sauti au video kwenye WhatsApp, humo yupo mtu aliyevaa koti jeupe la daktari, au sura ya sheikh anayejulikana ikisema maneno ambayo sheikh mwenyewe hajapata kuyasema, kwani kompyuta za leo zinaweza kutengeneza picha na sauti za namna hiyo. Mzee wa miaka 75 aliyezoea kwamba sauti ya mtu ni ya mtu, atajuaje?

Katika hayo ya kupima bure tungependa tukae kidogo, kwa sababu hapo ndipo wengi wanaponaswa. Mzee huulizwa jina, umri, urefu na uzito, na maelezo hayo huingizwa kwenye kompyuta. Kisha hupewa kipande cha chuma akishike mkononi, kilichounganishwa kwa waya. Baada ya muda mfupi tu mashine hutoa maelezo marefu juu ya moyo, ini, figo, mifupa, ubongo na hata vitamini alizopungukiwa. Hakuna damu iliyochukuliwa, hakuna mkojo, hakuna picha iliyopigwa. Sasa hebu tujiulize: mtu wa miaka 70 akiambiwa kwamba mishipa yake imeanza kukakamaa na mifupa imepungua nguvu, hiyo ni habari mpya? Hata muuza kahawa wa barazani angeweza kubashiri hivyo kwa kumtazama tu anavyoinuka kwenye mkeka.

Sukari hupimwa kwa tone la damu. Presha hupimwa kwa mkanda unaofungwa mkononi na kujazwa upepo. Figo hujulikana kwa kupima damu na mkojo katika maabara. Kipande cha chuma kushikwa kiganjani hakina njia ya kujua hayo yote kwa dakika moja, na lau kingekuwa nayo, hospitali zote zingekwisha kukinunua zamani. Tena mashine hizi zina tabia moja ya ajabu, kwamba ugonjwa zinaouona ni ule ambao dawa yake iko pale pale juu ya meza.

Baada ya hapo huja hesabu. Tuseme kopo moja ni shilingi 80,000, na mzee anaambiwa dozi kamili ni makopo matatu. Hizo ni shilingi 240,000, na kwa mzee anayeishi kwa pensheni au kwa kile wanachomtumia watoto hicho ni chakula cha nyumba. Akitumia kopo la kwanza asione nafuu, ataambiwa hajamaliza dozi. Akianza kuharisha au kuumwa kichwa, ataambiwa hizo ni sumu zinatoka mwilini, avumilie. Akipona homa ambayo ingepona yenyewe, atarikodiwa ushuhuda wake wausikie wengine. Tazameni namna mlango ulivyofungwa pande zote: hakuna jambo lolote litakalompata mzee huyu ambalo litahesabiwa kuwa ni kosa la dawa.

Mbona wengine hupata nafuu?

Swali hili wanafunzi wa darasa la juu walituuliza, nalo ni swali zuri. Wako wazee ambao magoti yaliwafunga miaka, wakanywa vidonge vya asili, na baada ya siku chache wakatembea. Je, huo si ushahidi?

Jibu ni kwamba baadhi ya bidhaa hizi ndani yake hutiwa dawa za hospitali kwa siri. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu juu ya kirutubisho cha maumivu ya viungo kiitwacho Artri King. Maabara ilikuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni, na zote mbili hazikutajwa kwenye lebo. Diklofenaki hutuliza maumivu, lakini ikitumiwa kwa muda mrefu bila ya uangalizi inaweza kutoboa tumbo, kulitoa damu, na kuumiza figo, hasa za mtu mzima. Deksamethasoni nayo ni dawa kali sana. Hupunguza uvimbe, huleta hamu ya kula, mtu akajiona amerudi ujanani. Lakini ikiendelea kwa muda, hupandisha sukari na presha, hujaza uso na kudhoofisha mifupa. Na mwili ukishaizoea, kuiacha ghafla ni hatari, kwa hiyo daktari huipunguza kidogo kidogo. Mzee asiyejua kwamba anaitumia ataachaje kidogo kidogo?

Huko Singapore, kati ya Januari na Mei mwaka 2008, watu 150 ambao hawakuwa na ugonjwa wa kisukari walilazwa hospitalini kwa sababu sukari yao ya damu ilishuka mno. Watu 7 kati yao walizimia kabisa na 4 wakafariki. Uchunguzi ulikuta dawa ya kisukari iitwayo glibenklamaidi ndani ya vidonge vya kuongeza nguvu za kiume vilivyouzwa kinyume cha sheria, vikiwemo vilivyoitwa vya mitishamba. Tumelitaja hili kwa sababu wazee wetu wengine hununua vitu vya aina hiyo kwa kificho, na wakizidiwa usiku huona haya kusema wamekunywa nini. Kwa daktari hakuna haya katika jambo hili. Lazima aambiwe.

Lakini hata kopo lisilo na chochote ndani ila unga wa majani linaweza kuua, na hili ndilo tunalolihofia zaidi. Presha haina sauti. Mwenye presha ya kupanda anaweza kujisikia mzima kabisa, akala, akacheka, akaenda shamba. Akiambiwa na muuzaji kwamba dawa za hospitali ni kemikali na sasa amepata ya asili, ataacha vidonge vyake, na wiki ya kwanza hataona tofauti yoyote, naye atadhani amepona. Kisha asubuhi moja anaamka mdomo umekwenda upande na mkono hauinuki. Hicho ni kiharusi. Mwenye kisukari naye akiacha dawa, sukari hupanda taratibu, kidonda kidogo cha mguuni kinakataa kupona, na mwisho wake wengi tumeuona mitaani kwetu.

Wanapolitumia jina la dini

Ndugu wasomaji, lau wauzaji hawa wangekuja na makopo yao peke yake ingekuwa nafuu. Wanakuja na kanzu, wanaanza kwa Bismillahi na kumswalia Mtume, wanataja habbat sauda na asali, kisha wanaliweka kopo lao chini ya maneno hayo. Mzee akisita, huulizwa: huamini Sunna?

Habbat sauda imetajwa na Mtume (S.A.W.) katika hadithi sahihi iliyo kwa Bukhari na Muslim, kwamba ndani yake mna shifaa ya maradhi yote isipokuwa mauti. Sisi tunaiamini. Lakini wanavyuoni wetu hawakuisoma hadithi hii kama tangazo la biashara. Al-Khattabi, miongoni mwa washereheshaji wa kale, alieleza kuwa tamko lake ni la jumla na makusudio yake ni mahususi, yaani maradhi ambayo tabia ya mbegu hiyo inayaelekea. Na hata asiyekubaliana naye hatapata mahali popote katika hadithi hiyo panaposema mgonjwa aache dawa nyingine, wala panapotaja kopo la mtu fulani lenye mchanganyiko asioujua mnunuzi.

Asali nayo imetajwa katika Suratun Nahl kuwa ina shifaa kwa watu. Lakini asali ni tamu kwa sababu ina sukari, na mwenye kisukari akiila kwa vijiko sukari yake ya damu itapanda, iwe ya nyuki wakubwa, ya nyuki wadogo au ya Yemen. Anayemwambia mgonjwa wa kisukari kwamba asali ya asili haipandishi sukari anamdanganya, na kuitia Aya ndani ya udanganyifu huo kunalizidisha kosa.

Turejee kwa wanavyuoni wenyewe. Ibnul Qayyim, ambaye kitabu chake cha Tiba ya Mtume ndicho wauzaji wengi hukitaja bila ya kukisoma, ameorodhesha humo mambo 20 ambayo tabibu hodari huyaangalia. Miongoni mwayo ni aina ya ugonjwa, sababu yake, nguvu za mgonjwa, umri wake, mazoea yake, nchi anayoishi na majira ya mwaka. Mfananisheni tabibu huyo na mtu anayewauzia watu arubaini ukumbini kopo la aina moja, wa presha sawa na wa magoti. Na katika Sunan Abi Daud imepokewa kwamba Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alipougua, Mtume (S.A.W.) alimtembelea na kumwelekeza kwa Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif, kwa kuwa alikuwa mtu wa utabibu. Yaani alipelekwa kwa mwenye fani yake.

Hukumu ya fiqhi nayo iko wazi. Imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kwa ujuzi huo, basi yeye ana dhamana, yaani madhara atakayoyasababisha yako juu yake. Na mnaijua hadithi ya lundo la nafaka sokoni, Mtume alipoingiza mkono akakuta umaji chini, akamlaumu mwenye mali kwa nini hakuliweka lile lililolowa juu watu walione, na akamtoa mwenye kughushi katika njia yake. Ikiwa nafaka iliyolowa mvua ni ghushi, vipi kuhusu vidonge vyenye dawa iliyofichwa? Mnunuzi aliyeuziwa kitu chenye aibu iliyofichwa ana haki ya kukirudisha na kudai fedha zake. Mzee asione kwamba akidai anamvunjia mtu heshima.

Neno “imesajiliwa”

Mzee akiuliza kuhusu usalama, huonyeshwa karatasi yenye mihuri. Isomeni vizuri karatasi hiyo. Jina la kampuni kuandikishwa BRELA, kuwa na namba ya mlipa kodi, na kupata leseni ya biashara, hayo yote yanaeleza kwamba mtu anafanya biashara. Hayasemi kwamba bidhaa yake inatibu. Tanzania Bara, hadi mwaka 2019 chakula na dawa vyote vilikuwa chini ya TFDA. Tangu mwaka huo dawa ziko chini ya TMDA na mambo ya chakula yamehamia TBS. Waganga wa tiba asili wana Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kutokana na sheria ya mwaka 2002. Zanzibar kuna Wakala wa Chakula na Dawa, na ndugu zetu wa Kenya wana Bodi ya Famasia na Sumu. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: kimesajiliwa wapi, na kimesajiliwa kama nini? Kitu kilichopita kama chakula hakijapita kama dawa ya presha.

Namna ya kusema na mzee

Hapa ndipo vijana wetu wengi wanapoharibu. Wanamkuta bibi na kopo, wanapayuka: “Bibi umeibiwa!” Bibi anaona aibu mbele ya watu, na kuanzia siku hiyo makopo yanahamia mvunguni. Suratul Israa, Aya ya 23, imetukataza kuwaonyesha wazazi wetu hata dalili ndogo ya kuchoshwa nao, na Nabii Ibrahim (A.S.) katika Suratu Maryam alimwita baba yake kwa upole mara nne, hali ya kuwa baba huyo alikuwa akiabudu masanamu. Basi kopo la unga lisitutoe kwenye adabu.

Lililo jepesi kwa mwanafunzi ni kusoma. Lebo nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo ambazo macho ya mzee hayazioni, nanyi shuleni mnafundishwa Kiingereza. Mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

“Shikamoo babu.”

“Marahaba mjukuu wangu. Umetoka chuoni?”

“Ndiyo babu. Naona una dawa mpya. Nikusomee maandishi yake?”

“Nisomee. Yule kijana kasema inaondoa presha moja kwa moja.”

“Hapa nyuma, babu, wameandika kwamba bidhaa hii haikusudiwi kutibu wala kuponya ugonjwa wowote.”

“Wameandika wenyewe?”

“Wenyewe, babu. Hii hapa.”

“Basi yule kijana kaniambia kingine.”

Maneno ya namna hiyo yanapatikana kwenye makopo mengi sana, kwa sababu mtengenezaji anaogopa sheria kuliko anavyoogopa muuzaji. Babu ameyasikia mwenyewe, hakuna aliyemfokea, na uamuzi umebaki wake.

Lipo jambo jingine, wazazi, na hili ni letu zaidi kuliko la watoto. Muuzaji yule amekaa na mzee saa nzima. Amemuuliza usingizi wake ukoje, mguu upi unauma zaidi, na chakula gani kinamkataa. Hospitali, daktari mwenye foleni ndefu hana muda huo, na nyumbani sisi tunaingia na kutoka. Wazee wengine wanalinunua lile kopo wakiwa na shaka nalo, kwa sababu aliyelileta ndiye mtu pekee aliyewasikiliza wiki ile. Tukitaka muuzaji akose nafasi kwenye mkeka, itabidi mkeka huo tuukalie sisi.

Ikiwa mzee ameshanunua

Asilazimishwe kulitupa kopo. Liwekwe, pamoja na risiti au ujumbe wa malipo ya simu, kwa sababu hizo ndizo hoja za kudai fedha na za kupeleka malalamiko TMDA au polisi. Vidonge vyake vya hospitali vya presha au sukari visiachwe hata siku moja bila ya daktari kusema. Ikiwa amevitumia hivyo vya mkobani kwa wiki nyingi na akaona maumivu yalikatika haraka au uso umejaa, aende hospitali navyo kabla ya kuviacha. Na ikiwa ametokwa na choo cheusi kama lami, anatoka jasho na kutetemeka, au upande mmoja wa mwili umelegea, hiyo si ya kungoja asubuhi.

Siku ya kliniki, kila anachokunywa kitiwe katika mfuko mmoja, vya daktari, vya duka la dawa, vya mkobani na vya chupa ya mganga, na mjukuu mmoja afuatane naye. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mtu wa miaka 60 na kuendelea kuwa ni mzee, na hospitali nyingi za serikali zina dirisha la wazee, kwa hiyo ulizeni lilipo kabla ya kukaa kwenye foleni. Mfuko huo afunguliwe mfamasia auone wote.

Sisi walimu si madaktari, wala hatutamwambia mtu anywe nini. Lakini kusoma lebo tunaweza. Mwanafunzi ambaye nyumbani kwao kuna kopo asilolielewa, amwombe mzee wake ruhusa, alilete madrasa siku ya Jumamosi baada ya Swala ya Alasiri, tulisome pamoja neno kwa neno, kisha tumwandikie kwenye karatasi maswali ya kumpelekea daktari.

Wabillahi tawfiiq.